Mkojo Usiingie Gizani
Hotuba ya muuguzi wa wodi ya watoto kwa wazazi na walimu wa shule ya msingi, mkoani Tanga, katika wiki ya Siku ya Figo Duniani

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu, wazee wangu, shikamooni. Akina mama na akina baba, habari za asubuhi. Assalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeambiwa nina nusu saa, na kwamba baada yangu inafuata ajenda ya mchango wa uji. Najua wengi wenu mmekuja kwa ajili ya huo mchango, wengine kuupinga. Basi sitazunguka. Nimekuja kuzungumza habari za mkojo. Naona akina baba kule nyuma mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, ila msitoke.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mgeni kazini katika zahanati ambayo sitaitaja, alikuja mama na mtoto wake wa kiume wa miaka minne. Akaniambia, "Dada nesi, mwanangu akiamka macho hayafunguki. Ikifika mchana yanapoa. Kesho yake tena." Nikamtazama yule mtoto. Saa tano hiyo, macho yake yako sawa, anachezea komeo la mlango. Nikampa vile vidonge vya njano vya mzio, akaenda zake. Alivyorudi nikampima uzito, nikakuta ameongezeka kilo mbili. Nikaweka nukta kwenye kadi ya kliniki, mstari ukapanda kama ngazi, nikamwambia, "Hongera mama, mtoto anakula." Mara ya tatu alikuja amembeba mgongoni. Tumbo limejaa, miguu imejaa, korodani zimevimba mpaka zinang'aa. Bibi yake alikuwa ameshasema huo ni mshipa, na mtu wa mshipa alikuwa ameshamchanja chale.

Yule mama alinipa ugonjwa mzima kwa sentensi tatu, siku ya kwanza kabisa, na mimi sikumsikia. Zile kilo mbili nilizompongezea zilikuwa maji. Mtoto alilazwa hospitali ya mkoa, akapona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo, mama akiniambia "asubuhi anavimba, jioni anashuka," naacha kila nilichoshika.

Ngoja niwaeleze kwa nini asubuhi. Figo ziko mbili, nyuma, chini ya mbavu, na kila moja ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Hapa Tanga hakuna asiyejua kifumbu. Unakamua nazi, tui linapita, machicha yanabaki. Figo nazo damu inapita humo, maji na uchafu vinatoka kuwa mkojo, na vitu vya maana, hasa protini, vinabaki kwenye damu. Sasa kifumbu kikitoboka, machicha yataonekana ndani ya tui. Kichujio cha figo kikitoboka, protini inatoka na mkojo. Na hiyo protini ndiyo inayoyashika maji yasitoke kwenye mishipa ya damu. Ikipungua, maji yanavuja na kuingia kwenye nyama za mwili. Mtoto akilala usiku kucha, maji yanatafuta mahali palipo laini, na hapana palipo laini kama ngozi ya kuzunguka macho. Akiamka akatembea, yanashuka miguuni. Ndiyo maana saa tano mimi sikuona kitu. Kwa mwanafunzi, jioni mvueni soksi mtazame. Soksi ikiacha mfereji mzito kifundoni, bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, achia. Shimo likibaki, huo si unene.

Ugonjwa huu wa figo kuvujisha protini huwapata zaidi watoto wa miaka miwili mpaka sita, na wavulana kuliko wasichana. Wengi wanaletwa kwetu wakiwa wameshapewa majina mengine. Safura. Minyoo. Mzio wa dagaa. Mshipa, kama yule mtoto wangu. Wengine wanaambiwa ni utapiamlo, na hapo hata sisi wa hospitali tunateleza, kwa sababu utapiamlo nao unavimbisha. Tofauti nimeijifunza kwa kutazama. Mtoto wa utapiamlo huanza kuvimba miguuni, nywele zinapauka na kunyofoka, ngozi inababuka, na ananuna siku nzima. Wa figo huanza usoni, na mara nyingi siku za mwanzo anacheza kama kawaida. Hilo la kucheza ndilo linalotudanganya.

Lakini kuna kipimo kinachomaliza ubishi wote. Hiki hapa. Kijiti chembamba cha plastiki chenye viraka vya rangi. Unakichovya kwenye mkojo, unakitoa, unasubiri dakika moja. Kiraka cha protini ni cha njano. Kikigeuka kijani, protini ipo, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Mtoto mwenye homa anaweza kuonyesha kidogo tu bila ugonjwa wa figo. Aliyevimba macho akaonyesha kijani kilichokolea, huyo hatuna la kujadili.

Mkuu wangu wa wodi wa zamani, marehemu sasa, alikuwa akituambia sisi tumedekezwa na vijiti. Wao walichemsha mkojo kwenye chupa ya maabara juu ya moto, na protini ikiwepo inaganda nyeupe kama ute wa yai. Njia hiyo ni ya kale. Daktari Mwingereza, Richard Bright, wa Guy's Hospital kule London, alieleza mwaka 1827 kwamba wagonjwa waliovimba mwili walikuwa na mkojo unaoganda ukipashwa moto, na walipokufa figo zao zilikutwa zimeharibika. Kijiko na mshumaa vilitosha. Miaka karibu mia mbili baadaye, mtoto anakwenda zahanati mara tatu bila mtu kuuangalia mkojo wake. Mimi nikiwa mmoja wao.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Nyumba zetu nyingi hapa tuna vyoo vya shimo. Mtoto akishaacha pampasi, mkojo wake unaingia gizani, na hakuna anayeuona tena. Mama anajua mwanawe amekula nini na amelala saa ngapi, lakini ukimuuliza mkojo una rangi gani, anatazama juu. Mkojo ulio na protini nyingi unatoa povu, povu lisilovunjika, kama umekoroga sabuni. Kwenye shimo utaliona wapi? Ndiyo maana ninawaomba: mtoto akivimba, akiumwa homa isiyoeleweka, au ukimwona tu hayuko sawa, mkojolishe kwenye kikopo cheupe, ukitoe nje kwenye mwanga, ukitazame. Haugharimu hata senti.

Na rangi zina maneno yake. Kuna ugonjwa wa pili wa figo ambao mkojo wake unakuwa kama chai ya rangi, au soda nyeusi, au maji yaliyooshea nyama. Huu unaanza mahali usipopatarajia, kwenye ngozi. Mtoto amepata upele, amejikuna, vidonda vimeingia usaha. Au ameumwa koo, mafindofindo yamevimba. Bakteria wanaoitwa streptokoka wanaingia, mwili unapigana nao, na takataka za vita hiyo zinakwama kwenye vichujio vya figo. Kwa koo, huchukua wiki moja hadi mbili kabla mkojo haujabadilika. Kwa ngozi, wiki tatu mpaka sita. Vidonda vimeshapona, mama ameshasahau, halafu mtoto anaamka uso umejaa na mkojo mweusi. Nani ataunganisha mambo hayo mawili? Mimi nikimwona mtoto wa shule amevimba uso, kitu cha kwanza natazama katikati ya vidole vyake na magoti, kama kuna makovu mapya ya upele.

Hapo niseme neno ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote leo. Ugonjwa huu unapandisha presha. Ndiyo, presha ya mtoto. Sijui nani alitufundisha kwamba presha ni ya wazee. Ikipanda sana mtoto analalamika kichwa, anatapika, anasema haoni vizuri, kisha anapigwa na degedege. Na sisi tukisikia degedege tunajua njia mbili, malaria au mganga. Nilimpokea binti wa miaka minane amekaa siku mbili akifukizwa majani, kila akizinduka anashikwa tena. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Presha yake ilikuwa ya mtu mzima anayekaribia kupooza, na mama yake alipoulizwa akakumbuka kwamba siku tatu kabla, binti alisema, "Mama, nimekojoa damu." Akadhani amevunja ungo mapema. Tukaishusha presha, degedege likakoma. Watoto wengi wa ugonjwa huu wanapona kabisa wakivushwa zile siku chache za hatari. Basi mtoto aliyevimba uso akipata degedege, muulizeni mtoa huduma kwa adabu, lakini muulizeni: "Presha yake mmepima?" Akikwambia hakuna mkanda mdogo wa mtoto, mwombe rufaa. Mkanda wa mtu mzima kwenye mkono wa mtoto unadanganya.

Nimetaja damu, na hapa kwetu damu kwenye mkojo ina mwenyewe, kichocho. Kichocho cha mkojo mnakijua, watoto wanakipata kwenye mabwawa na mito ya kuogea. Alama yake ni kwamba mkojo unaanza vizuri, damu inakuja mwishoni, matone ya mwisho. Vijana wengine wanafichana, wanaambizana kwamba ni dalili ya kukua. Ukiachwa miaka, mayai ya wale minyoo yanatengeneza makovu kwenye kibofu na mirija, mkojo unarudi nyuma, figo zinaharibika kwa kuzibiwa. Zile dawa za prazikwanteli ambazo walimu wanawagawia watoto kwa kuwapima urefu kwenye fito, hiyo ndiyo kazi yake. Najua kila mwaka wapo wazazi wanaowafungia watoto ndani siku hiyo. Sitawataja. Mnajijua.

Bibi zangu mliokaa pale mbele, sasa nina swali kwenu. Mtoto mchanga wa kiume akifunguliwa nepi, anafanya nini? Eeh! Anakulowesha kanga mpaka kifuani. Na inatakiwa iwe hivyo. Mkojo wa mvulana unapiga tao. Wapo wachache wanaozaliwa na ngozi nyembamba ndani ya njia ya mkojo, kama kizibo, na hawa ni wavulana peke yao. Mkojo wake hautoki kwa nguvu, unadondoka tone tone, anakamua mpaka anakuwa mwekundu, na chini ya kitovu unapapasa kitu kigumu kama chungwa, ambacho ni kibofu kilichojaa. Figo zake zinaumia kila siku inayopita, hata kabla hajazaliwa. Altrasaundi inaonyesha, na madaktari wa upasuaji wanakikata kile kizibo kwa kifaa chembamba kinachopita njia ile ile ya mkojo. Wanaomwogesha mtoto mchanga ni ninyi, bibi. Daktari anamwona dakika tano, amefungwa kanga. Kwa hiyo bibi ukiona mjukuu wa kiume hajakulowesha wiki nzima, usiseme huyu mtoto ana adabu. Mpeleke.

Nitapita haraka kwenye hili linalofuata ingawa ndilo linaloua ghafla. Mtoto anaharisha na kutapika, au ana malaria kali, figo zinakosa damu ya kutosha, mkojo unakoma. Mchanga ambaye nepi ni kavu tangu asubuhi mpaka magharibi hasubiri kesho. Na mtoto aliyekaukiwa maji hivyo, msimpe dawa za maumivu za ibuprofeni wala diklofenaki kutoka duka la jirani, zinazikaba figo ambazo tayari zimebanwa. Baadhi ya mitishamba nayo inafanya hivyo hivyo. Sisemi yote. Nasema anayekupa hajui kipimo cha mtoto wa kilo tisa.

Hata dawa ya dukani yenye lebo nzuri si salama kwa sababu ya lebo. Mwaka 2022 kule Gambia walikufa watoto wapatao 70, wengi wao chini ya miaka mitano, kwa figo kusimama ghafla. Walikuwa na homa na kikohozi cha kawaida tu, wakapewa dawa ya maji. Ndani yake ikakutwa daithilini glikoli, kemikali ya viwandani inayotumika kwenye vitu kama mafuta ya breki. Ni tamu, mtoto anailamba kijiko. Mwaka huo huo Indonesia walikufa watoto zaidi ya 200. Nigeria yaliwakuta hayo hayo 2008, kwa dawa ya watoto wanaoota meno. Na Marekani ilianza mapema, 1937, walikufa watu zaidi ya 100. Yule mama wa Gambia hakufanya kosa lolote, alinunua dawa ya kikohozi kama wewe na mimi. Ninachoweza kukupa ni hiki tu: mtoto aliyeanza dawa ya maji, kisha akaanza kutapika na mkojo ukakatika, mkimbize hospitali na chupa ya dawa uichukue. Usiitupe.

Walimu, sijawasahau. Ugonjwa wa figo wa muda mrefu hauna kelele, na ninyi mnaweza kuuona kabla ya mama, kwa sababu mna watoto wa rika moja mbele yenu na mnaweza kulinganisha. Mtoto aliyebaki mfupi wakati wenzake wanarefuka. Amepauka, anachoka kwenye mchakamchaka. Miguu inaanza kupinda matege akiwa mkubwa, siyo matege ya kujifunza kutembea. Anakunywa maji sana na anaomba ruhusa kila kipindi. Wengine ni vikojozi wa ghafla: mtoto aliyekuwa mkavu miaka miwili, leo analowanisha godoro. Huyo anachapwa nyumbani, kumbe figo zimeshindwa kuukoleza mkojo, unatoka mwingi kama maji. Kabla ya fimbo, kikopo. Tena tafadhali, kile choo cha wasichana. Nimekipitia kabla ya kuja hapa. Binti asiyeweza kuingia pale anabana mkojo tangu saa moja mpaka saa tisa, na mkojo unaobanwa kila siku unaleta maambukizi yanayoweza kupanda mpaka kwenye figo. Mwenyekiti, naona umeandika. Ahsante.

Mama mmoja ananinyooshea mkono... ndiyo mama. Anauliza kama ugonjwa huu unatibika. Ule wa kuvimba macho, kwa watoto walio wengi, unatibika kwa vidonge vya prednisoloni, kila siku kwa wiki nne hadi sita, halafu siku moja ndiyo, siku moja hapana, dozi ikipunguzwa taratibu. Mtihani wake uko hapa: kwa kawaida katika wiki mbili za mwanzo uvimbe unaisha, mtoto anaonekana mzima, na vidonge vinamfanya awe na njaa kama mbwa mwitu na mashavu ya mviringo. Mama anasema basi, amepona, zitamharibu. Anakata dawa. Msikate. Na hata akimaliza vizuri, wengi wao ugonjwa unarudi, mara moja au zaidi. Kurudi hakuna maana umerogwa wala umekosea. Ndiyo tabia yake. Ndiyo maana tunampa mama vijiti na daftari, kila asubuhi anapima na kuandika, na kijani kilichokolea kikitokea siku tatu mfululizo anarudi, hata kama mtoto hajavimba. Nina mama mmoja ambaye hakumaliza darasa la saba, na daftari lake ni safi kuliko mafaili yetu.

Punguzeni chumvi wakati amevimba. Homa pamoja na tumbo kuuma kwa mtoto huyu ni dharura ya usiku huo huo. Na akikaa karibu na mwenye tetekuwanga wakati anatumia prednisoloni, tuambieni kabla hajaota hata kipele kimoja.

Wale ambao figo zimekufa, njia yao ni ngumu. Kusafishwa damu kunafanyika hospitali kubwa kama Muhimbili, na upandikizaji wa kwanza wa figo hapa nchini ulifanyika hapo hapo Muhimbili, Novemba 2017. Lakini mjue gharama, mjue safari, mjue mama anayehamia Dar es Salaam na kuacha watoto wengine kwa jirani. Nimewasindikiza wawili stendi. Sitaki kusindikiza wa tatu ambaye kijiti kingemwona mapema.

Mwalimu mkuu ananionyesha saa. Namalizia. Pale mlangoni nimeacha boksi la vikopo. Mwenye mtoto anayevimba macho asubuhi, aliyepona upele karibuni, anayekojoa rangi usiyoielewa, au kikojozi aliyeanza upya, achukue kimoja. Kesho asubuhi mtoto akiamka tu, mkojo wake wa kwanza, nusu kikopo inatosha, mniletee hapa ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya saa mbili. Nitapima mbele yako, utaona rangi kwa macho yako. Na nawaomba, msiniletee kwenye chupa ya soda. Mwaka jana alikuja baba mmoja na mkojo kwenye chupa ambayo haikuoshwa, kijiti kikaonyesha sukari tele, akakaa nje kwenye benchi analia kisukari cha mwanawe, kumbe ilikuwa sukari ya soda.